Matokeo Iko Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini, kampuni ya tumbaku, Meneja wa Majani alinipa jani moja la tumbaku, akaniambia nifumbe macho, nilipapase. Hiyo ilikuwa Koboko, kaskazini mwa Uganda, kwenye ghala la kununulia, na mimi kijana, mtoto wa askari, najua bunduki kuliko tumbaku. Kupanga gredi, nyinyi mnaosoma leo, ni kutenga majani kwa ubora: ya chini ya mmea peke yake, ya katikati peke yake, ya juu peke yake, halafu unaangalia rangi, halafu unyevu. Jani lenye maji likiingia kwenye robota, yaani mzigo uliofungwa, linaozesha wenzake wote.

Meneja alikuwa mkali kama pilipili. Siku moja, huko Kuluba, nilimsifu mkulima tumbaku yake ikiwa bado inaning'inia kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia. Meneja akanivuta kando.

"Wewe, nani alikutuma kusifu? Tumbaku inasifiwa mezani, ikishapangwa gredi. Kabla ya meza, funga mudomo!"

Nikaufunga. Nikahamishiwa Aroi chini ya Msimamizi wa Kituo, mtu mpole, halafu Arua mjini kwa Mkaguzi Mkuu, ambaye alikuwa haongei kabisa: anagusa, anatikisa kichwa, anapita. Miaka yote hiyo wakulima walinitazama usoni kutafuta dalili, wasipate kitu. Nikawa bingwa wa uso mkavu, mpaka nyumbani kwangu nikaupeleka.

Kampuni ilipofunga vituo nikastaafu, nikakaa Onduparaka na mke wangu na kitinda mimba wetu, Zaituni. Juzi juzi amemaliza darasa la saba, na shule ikasema kuna graduesheni. Graduesheni! Mtihani ndiyo kwanza umefanywa, karatasi bado zinasahihishwa huko Kampala, matokeo mpaka mwakani, na watoto wanavalishwa majoho na kofia za pembe nne kama watu wa chuo kikuu.

"Sasa tunasherehekea nini?" nikamuuliza mke wangu.

"Vaa kanzu yako, mzee. Keki inakatwa saa nane."

Zaituni alikuwa na ombi moja tu, na wiki nzima alilirudia. Kila mzazi angeitwa mbele aseme neno juu ya mtoto wake. "Baba, useme tu wewe iko na furaha na mimi. Basi." Neno hilo hakuwahi kulisikia kwangu. Kila ripoti aliyoleta nyumbani nilimjibu, "Tutaona."

Siku yenyewe, hemani pale shuleni, muziki unanguruma, akina mama wanapiga vigelegele, baba mmoja analia machozi kabisa. Kichwa kikanizunguka. Hapa nani amefaulu? Nani ameanguka? Mbona wote wanapigiwa makofi sawasawa? Nilitafuta mtu wa kuniambia, kila mtu anacheza. Mara Madamu, mkuu wa shule, akaniwekea maikrofoni mkononi. Zaituni amesimama kando yangu, joho linaburuta chini. Nikafungua kinywa, na wallahi sijui maneno yalitoka wapi:

"Matokeo iko wapi?"

Hema zima likaangua kicheko. Zaituni hakucheka. Alinivuta mkono wa kanzu, akaninong'oneza.

"Iko Kampala, Baba. Lakini mimi iko hapa."

Nilimtazama yule mtoto. Nikaona aibu, nikaogopa, na huku nyuma nilikuwa namsikia Meneja akinikaripia kana kwamba yumo humo hemani.

"Mimi iko na furaha na huyu mutoto," nikasema. "Furaha sana." Madamu akaichukua maikrofoni yake.

Naandika haya huku matokeo hayajatoka. Kazi niliyoijua ilikuwa na meza, na mezani mambo yalieleweka; haya ya siku hizi, yallah, bado yananichanganya. Sijui nilisifu nini siku ile.

Asubuhi iliyofuata graduesheni, Zaituni aliniletea chai, asiondoke.

"Baba, sema tena."

Nikasema tena.