Pipa la Tisa

Nimepanga chumba cha mbele katika nyumba ya Mama Stoo kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote sijawahi kupewa hata chembe ya chumvi bila kutia sahihi. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu inatazama kichochoro, mgongo wangu umeegemea ukuta wa mbao unaotutenganisha na vyumba vyao, na masikio yangu ni mazima. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona na mengine niliyasikia, wala simwombi mtu radhi.

Mama Stoo alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na cheti, na yeye akaondoka na kitu cha tatu ambacho hawakumpa, yaani stoo yenyewe, aliyokuwa nayo kichwani. Chumba cha binti yake, aliyekuwa ameshaolewa, kikageuzwa ghala. Mumewe ni fundi bati, sote tunamwita Fundi, na huyo ndiye aliyemtengenezea mapipa kumi na mawili yenye kimo cha kiuno, kila moja linameza nusu gunia. Mama Stoo akayapanga juu ya mbao ili unyevu wa sakafu usiyapande, akayasogeza mbali na ukuta kiasi cha kiganja ili panya asipate pa kujibanza. Mahindi na maharage yalianikwa mpaka yakakauka kabisa, yakachanganywa na majivu yaliyochekechwa, yakatiwa ndani, na kifuniko kikazungushiwa nta ya mshumaa. Juu ya nta alibandika karatasi yenye namba, tarehe na sahihi yake. Kwake yeye, nta ikiwa nzima, pipa limejaa, na hilo halikuwa na mjadala.

"Yote haya ya nini, mama?" nilimuuliza mwaka wangu wa kwanza.

"Wewe ulishawahi kumwona mama yako akipika mbegu za kupanda?"

"Hapana."

"Basi shona nguo zako."

Baadaye alinieleza vizuri zaidi. Mwaka ule wa njaa mama yake alipopika mbegu za kupanda, yeye alikuwa na miaka minane. Na mwaka mwingine, akiwa kazini, barabara ilikatika wiki mbili na wanafunzi mia nne hawakukosa mlo hata mmoja, kwa sababu yeye alikuwa na akiba ambayo mkuu wa shule mwenyewe hakujua ipo. Hiyo hadithi ameisimulia mara nyingi, na kila mara wanafunzi wanaongezeka.

Sheria za chumba kile zilikuwa mbili. Ya kwanza, kilichotangulia kuingia ndicho kitatangulia kutoka. Pipa likifunguliwa likaliwa likaisha, linajazwa upya na kupelekwa mwisho wa foleni. Matokeo yake ni kwamba nyumba ile haikuwahi kula kitu kipya. Mavuno yanajaa sokoni, watu wanachagua, sisi tuko na mahindi ya mwaka juzi.

"Humu ndani hatuli chakula," Fundi alikuwa akilalamika, "tunakula tarehe."

"Na meno yako yapo yote," mkewe alimjibu. "Kula."

Sheria ya pili ilikuwa daftari. Hakitoki kitu bila kuandikwa: siku, kitu, kiasi, aliyepokea, sahihi. Fundi alitia sahihi. Binti akija kutembea na kuomba kikombe cha mchele, alitia sahihi. Mimi nimetia sahihi ya kitunguu kimoja. Mwanzoni nilidhani ni ubahili, lakini Mama Stoo si bahili hata kidogo; anakupimia mpaka bakuli linamwagika. Shuleni hata mkuu wa shule alisaini, na kumwandika mtu kwake ilikuwa ndiyo heshima. Anayechukua bila kuandikwa, alisema, anaitwa mwizi.

Sasa Fundi ana dada yake mkubwa, dobi, anayeishi peke yake katika chumba kimoja kule juu kichochoro kinakoishia. Miaka saba iliyopita dobi huyu alishuka asubuhi moja na bakuli tupu. Alikuwa ameumwa mkono, hajafua wiki nzima. Niliwasikia ukutani.

"Wifi, naomba unga kidogo."

"Karibu wifi, tele upo," Mama Stoo akasema, na kwa furaha kabisa, maana hakuwa na ugomvi naye. Akafungua daftari juu ya meza. "Haya, andika hapa. Jina, unga, bakuli moja, halafu sahihi."

Akamkabidhi kalamu.

"Niandike?"

"Kila mtu anaandika, wifi yangu. Kaka yako huyo hapo, anaandika."

Kalamu niliisikia ikiwekwa mezani. "Kumbe mimi kwenu ni mtu wa kuandikiana," dobi akasema, akaondoka na bakuli lake. Hakutia tena mguu katika nyumba ile. Mama Stoo alimngoja aombe radhi, kisha akaacha kumngoja, na mtu akimuuliza anasema wifi yake ana kiburi, hataki kutia sahihi kama binadamu wenzake.

Dobi hajui kuandika, wala kusoma. Mimi nilijua, kwa sababu kila akipewa karatasi zahanati huniletea nimsomee, na huniletea ikiwa imekunjwa mara nne. Fundi alijua tangu utotoni. Yeye alipelekwa shule na dada akabaki nyumbani kumbeba mdogo wao. Dobi alikuwa amemwapisha kaka yake asimwambie mtu, hasa huyo mke wake wa madaftari. Mama Stoo peke yake ndiye hakujua. Tungeweza kumwambia siku ileile na mambo yakaisha kwa kicheko. Nilijitia hamnazo, nikasema mambo ya ndugu sitayaingilia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Fundi alitafuta njia yake. Jumatano alasiri mkewe huenda kikao cha akina mama. Jumatano moja nikasikia harufu ya lehemu, ile anayoungia bati. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Fundi alikuwa amelipindua pipa la tisa miguu juu, kalifungua kitako kwa chuma cha moto kama mtu anayefungua kopo la maziwa, anachota mahindi anatia mfukoni. Kisha akateremsha mle ndani mfuko wa mchanga mkavu, akakirudisha kitako, akakiunga, akalisimamisha pipa. Nta juu nzima, karatasi nzima, sahihi ya mkewe inang'aa. Kila Jumamosi Mama Stoo hupita akigonga mapipa kwa kifundo cha kidole, na mchanga ukigongwa unajibu vizuri tu.

"Umeona nini?" Fundi aliniuliza ukutani. Mzee ana macho.

"Sijaona kitu. Ila fungua dirisha, harufu itamngoja mwenyewe."

Alikuwa na utaratibu wake, tena wa kistoo kabisa. Alichota pipa lililo mbali na zamu, na kabla zamu yake haijafika alinunua mahindi kidogo kidogo na kulijaza tena, kisha akahamia jingine. Miaka saba hakuchelewa hata mara moja. Dobi alipata bakuli zake, Mama Stoo alipata hesabu yake, na mimi nikapata kikohozi cha moshi wa lehemu.

Mwaka huu mvua zikaja vibaya. Mto ulibeba daraja, na malori ya chakula yakabaki ng'ambo. Maduka yaliishiwa siku ya nne. Siku ya tano watu walikuwa wakinunua biskuti za mtoto. Binti wa Mama Stoo, anayeishi mabondeni, akapanda na mumewe na watoto wanne, wamelowa mpaka nywele. Na mimi wa tisa.

Sitasema uongo, Mama Stoo alikuwa na furaha. Si ya ubaya. Alikuwa kama mwanafunzi aliyesoma usiku na mchana na sasa mtihani umeletwa. Alisimama mbele ya mapipa na penseli sikioni, akatugawia: bakuli hizi asubuhi, bakuli hizi jioni, watoto kwanza. "Siku arobaini," akatangaza. "Daraja lisipojengwa siku arobaini, hapo ndipo tutazungumza." Mkwewe, aliyekuwa akimtania kila sikukuu kwamba anasubiri kiama na maharage, alikula kichwa chini na kutia sahihi bila kuambiwa.

Aliyekosa raha ni Fundi. Watu tisa wanakula mara tatu ya kawaida, na zamu ya pipa la tisa, aliyokuwa ameipangia miezi minne, ilikuwa inakuja mbio. Lakini nilipomwona anakonda nilijua si hilo linalomsumbua. Nyumba imejaa, watoto wanacheza ghalani, huwezi kuwasha hata kiberiti bila kuulizwa. Pipa haliwezi kupinduliwa. Na mvua ikinyesha hakuna anayefua, kwa hiyo dobi hana kazi, na hata angekuwa nayo, madukani hakuna kitu. Fundi alikuwa akijinyima nusu ya bakuli lake na kuipeleka juu chini ya koti. Siku ya tisa mjukuu mdogo akamwona, akasema mbele ya watu wote, "Babu anaficha ugali." Mama Stoo akamchekea, akamwambia mzee amalize chakula chake, na akakaa pale akimtazama mpaka kikaisha. Fundi alikila chote. Sijaona mtu akila kwa uchungu namna ile.

Siku ya kumi na moja, baada ya chakula cha mchana, Mama Stoo alikuwa ghalani anagonga mapipa yake. Fundi akaingia, akasimama mlangoni.

"Mama watoto, pipa la tisa usiligonge. Lifungue."

"Zamu yake bado."

"Lifungue."

Nilisikia nta ikivunjwa. Nikasikia bakuli likizama kwenye mahindi mara moja, mara mbili, mara nyingi, kisha likakwaruza kwenye kitu kingine. Cherehani yangu nilikuwa nimeisimamisha kitambo.

"Huu ni nini?"

"Mchanga."

"Nta nzima, baba watoto. Nta nimeikuta nzima!"

"Kitako ni kazi yangu. Nimempa dada. Miaka saba nampa, nakujazia kabla hujafika. Safari hii nimechelewa. Na hana kitu kule juu, tangu juzi hana kitu."

Mama Stoo alimpa vidonge vyake, na mzee alivimeza. Alimwita mwizi, akamwita mwongo, akamwambia angemfunga kama angekuwa mfanyakazi wake shuleni. Kisha akauliza lile lililokuwa likimkaa rohoni miaka yote. "Kiburi gani hicho? Kuandika jina tu! Mtu anashinda njaa, anakataa kuandika jina?"

"Hajui kuandika."

Mvua ilikuwa inapiga bati; nikasikia bakuli likiwekwa chini.

"Hajui?" Mama Stoo akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nilimpa kalamu mbele ya watu."

Akatoka na ndoo ya mahindi. Hakuandika. Alipopita mlangoni kwangu akanitazama usoni, nami nikatazama chini, akaelewa kwamba hata mimi nilijua. Nikashika upande wa pili wa mkono wa ndoo, tukapanda tope.

Dobi alifungua mlango akiwa amejishikilia kwenye kizingiti. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alitazama ndoo, akamtazama wifi yake, halafu akamtazama mikononi.

"Daftari liko wapi?"

"Sikuja nalo, wifi. Chukua tu. Nimekuja kukuomba radhi, sikujua."

"Radhi nimekupa." Hakusogea mlangoni. "Lakini hayo siyapokei hivi. Miaka saba nimekula mahindi yako kama panya, kwa kitako cha pipa. Wajukuu zako wanaandikwa, mpangaji wako anaandikwa. Leo na mimi niandike."

Nilimwambia, shangazi, kula kwanza, daftari litakuja. Akaniambia nyamaza, na wewe ulikuwa unanisomea karatasi zangu ukanyamaza vilevile, basi endelea.

Mama Stoo akashuka mwenyewe, na miaka yake sitini na nne na tope la magotini. Alipanda tena na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Akaliweka juu ya beseni la kufulia lililopinduliwa, akaandika siku, mahindi, ndoo moja, na jina la wifi yake, akilisoma kwa sauti herufi kwa herufi. Wino wa kidole hakukuwa nao. Dobi akapaka dole gumba kwenye masizi ya sufuria yake tupu, akalikandamiza juu ya karatasi, akaliacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na ya miaka saba?" akauliza.

"Hayo alipokea kaka yako," Mama Stoo akasema. Alikuwa akilia na kuandika. "Atasaini yeye, moja moja."

Daraja lilirudishwa siku ya ishirini na saba, na chakula kilitutosha, sisi tisa na dobi wa kumi. Jumatano mkewe akienda kikaoni, Fundi huachiwa daftari na kalamu. Juzi nilimsikia akinung'unika ukutani kwamba amefika mwaka wa nne tu, na vidole vimekufa ganzi.