Vidonge vya Bibi na Ngoma ya Muheme

Bibi yangu alianza kuinamisha kichwa ili kikifuate kilemba. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia kijijini, mbele kidogo ya Buigiri, nikamkuta asubuhi amekaa ukingoni mwa kitanda, viwiko vimeganda mbavuni, shingo ameikunja mpaka kidevu kinagusa kifua, vidole vinahangaika na kitambaa. Mikono haikuweza kupanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Usinitazame kama maiti. Nifunge."

Nilimfunga vibaya. Akajipapasa kichwani, akasema kumbe digrii haifundishi hata kumfunga mke kilemba. Tulicheka wote wawili. Lakini alipotaka kusimama alinishika mkono, na uzito alioniegemezea haukuwa wa utani.

Nilirudi mjini, Kizota, kwenye chumba changu kilicho jirani na wachomeleaji, na wiki nzima nikawa nasoma kwenye simu magonjwa yote yanayoanzia mabegani. Mimi nikishaanza kuwaza sijui kuacha. Mpaka wiki inaisha nilikuwa nimeshamzika bibi kwa saratani ya mifupa, kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kwa ugonjwa mwingine ambao hata jina lake nilishindwa kulitamka.

Kijijini jibu lilikuwa moja: uzee. Zahanati walimwambia ni baridi yabisi, wakampa dawa ya kutuliza maumivu. Mimi uzee nilikuwa nimeuona kwa babu, ulikuja polepole kama jioni. Huu ulikuja ghafla. Bibi aliyekuwa shambani anang'oa karanga, baada ya majuma machache hawezi kujigeuza kitandani. Tena maumivu yalikamata mabega yote mawili na nyonga zote mbili kwa pamoja, kama yamepatana. Mchana viungo vililegea, akaonekana mzima, na wapo waliosema anamdekea mjukuu.

Hayo aliyavumilia. Kilichomuuma ni ngoma. Kwetu muheme hupigwa na wanawake: mpigaji husimama, ngoma ameibana mapajani, nyonga zinaibeba na mikono inafanya kazi. Bibi alikuwa akiongoza kundi lao tangu kabla sijazaliwa. Msimu ule lilialikwa kwenye harusi, akabaki nyumbani akisikiliza kwa mbali. "Wanapiga kama wanatwanga," aliniambia kwenye simu. Siku hiyo niliamua kumleta mjini.

Daktari alikuwa kijana asiye na haraka. "Bibi, ukiamka, mwili unachukua muda gani kulegea?"

"Mpaka mbuzi watoke zizini, wafike kisimani."

Nilitaka kumtafsiria kwa saa, lakini daktari aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Akamwomba ainue mikono; ikakomea usawa wa kifua. Akamuuliza kama kichwa kinamuuma, kama macho yana ukungu, kama taya linachoka akitafuna. Akachukua damu. Nilipomuuliza kuhusu saratani, na kisha nikamuuliza tena, alisema anachunguza hayo yote, kwa sababu ugonjwa anaoushuku hujulikana pia kwa kuyaondoa mengine.

Tuliporudi kuchukua majibu alisema damu inaonyesha moto unawaka ndani ya mwili, na yale mengine hakuyaona. Ugonjwa unaitwa polimialjia rumatika: kinga ya mwili hukosea njia, ikashambulia mabega na nyonga, na huwapata waliovuka miaka hamsini. "Hapa kwetu siuoni mara nyingi," alisema, "ndiyo maana ni rahisi kuuita uzee." Akampa prednisoloni, vidonge vya kumeza kila asubuhi baada ya kula. Alisisitiza kwamba dozi itapunguzwa kidogo kidogo, pengine kwa mwaka na zaidi, na kwamba haikatishwi ghafla. Kichwa kikiuma kwa namna mpya au macho yakififia, aje siku hiyohiyo.

Wiki haikuisha. Simu ililia asubuhi.

"Mume wangu, kilemba kimekaa."

"Nani kakufunga?"

"Nani! Kwani nina mume mwingine? Nimejifunga mwenyewe!"

Nililia kidogo, nikaenda kazini. Kuanzia hapo nikawa nampigia kila asubuhi: kichwa vipi, macho vipi, taya vipi. Alinijibu kwamba hata polisi wa barabarani huanza kwa salamu.

Kisha nikaenda kumwona bila kumwarifu, nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kidevu kifuani, vidole vinahangaika na kitambaa.

Vidonge alivitunza kwenye kopo la majani ya chai. Nililifungua. Lilikuwa tupu, na siku ya kurudi kliniki ilikuwa bado mbali.

"Bibi, viko wapi?"

"Vimeliwa."

"Na nani?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa ugali wa jana umeliwa na nani. Jirani mmoja goti lilimsumbua. Mwingine alirudi shambani mgongo umemkatika. Mwenzake wa ngoma, yule anayesimama kulia kwake, alikuwa na bega linalomuuma. "Wote wameona nilivyoamka. Mtu anakuja kwangu anaumwa, na mimi nina kitu kilichoniinua kitandani. Nikifiche? Nile peke yangu mlango nimefunga?"

Katika nyumba ile sijawahi kuona mtu akipita wakati wa ugali asiambiwe anawe mikono. Mimi mwenyewe nililelewa kwa mkono huohuo.

Tulirudi mjini asubuhi ileile. Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba mwili ukishazoea dawa hii husahau kutengeneza ya kwake, ndiyo maana kuikatisha ghafla ni hatari. Kisha akasema si dawa ya maumivu ya kila mtu. Mwenye kisukari, kwa mfano, sukari yake hupanda.

Bibi alinigeukia. "Mwenzangu wa kulia ana sukari," alisema.

Nilimpigia mwanamke yule tukiwa palepale. Alikuwa salama, ila alisema kiu haikumwisha siku zile, akaahidi kwenda zahanati kupima. Bibi alisikiliza, kisha akamwambia daktari, "Nianzishie upya. Safari hii vidonge nitavimaliza mimi."

Akaanza upya. Aliwazungukia wote aliowapa, nyumba kwa nyumba, akiegemea fimbo, kabla dawa haijamlegeza viungo vizuri. Nilitaka kwenda naye nikawaeleze kitaalamu. Akanikataza: "Wewe utawatisha. Niliyewapa ni mimi."

Sasa dozi imeshuka, na kila inaposhuka mabega hukumbusha kwa siku chache. Anapimwa sukari na presha, daktari anaiangalia mifupa yake. Kwenye harusi hapigi tena tangu mwanzo hadi mwisho. Anafungua wimbo, nyonga zikichoka anamkabidhi ngoma mwenzake wa kulia, na yeye anakaa kwenye kigoda akiwakosoa wote. Mimi bado nampigia kila asubuhi. Salamu kwanza.

Mara ya mwisho nilipokuwa huko, jirani alikuja tukiwa tunakula. Alinawa, akamega tonge la kwanza na mlenda, kisha akasema bega linamuuma, kile kidonge hakipo hata kimoja?

Kopo lilikuwa rafuni juu ya kichwa chake. Nilishusha macho kwenye sahani. Bibi hajawahi kumnyima mtu kitu mbele yangu.

"Kipo," alisema. "Changu. Wewe ongeza mlenda. Jumatatu nakwenda kliniki, nitakupitia twende wote, daktari akakuone. Usije ukaniambia umelala."

Jirani alicheka, akaongeza mlenda. Bibi akainuka bila kushika ukuta, akanyoosha mkono rafuni, akalisukuma kopo nyuma kidogo, akashusha bakuli la chumvi.