Daktari Alikataza Mguu Usikandwe, Nikanyamaza

Assalamu alaykum nyote. Na wewe mwenye ukurasa, jina langu lisitiri kama ulivyoniahidi. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mzaliwa wa Mambrui, mjane mwenye wajukuu wanne. Mwaka mzima nimekuwa nikiwasoma hapa na kuwacheka wanaolalamikia waume zao. Leo zamu ni yangu, na langu halichekeshi.

Katikati ya miaka ya themanini tulikuwa watoto watatu kwa mama: kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wangu ambaye nitamwita Zuhura. Baba alikuwa ameshafariki. Zuhura alikuwa na miaka kumi na tisa na ameposwa, nguo za harusi zimeshaanza kushonwa. Goti lake la kulia likaanza kuvimba, juu kidogo, wala hakuanguka wala hakugongwa. Alipoanza kuchechemea nikampeleka hospitali Malindi, na wao wakatuandikia barua twende Mombasa.

Kule Mombasa daktari alitundika picha kwenye taa akanionyesha mimi, Zuhura akiwa bado chumba cha pili anavaa. Mwisho wa mfupa wa paja palikuwa na doa jeusi, mfupa wenyewe umebaki ganda. Alisema uvimbe umeota ndani. Turudi baada ya wiki mbili, wamlaze, waukwangue, na lile shimo walijaze kwa mfupa utakaotolewa nyongani mwake. Mguu utabaki, alisema. Kisha akanikazia macho. "Asikandwe. Mtu yeyote asiuguse mguu huu."

Sasa mumjue mama yangu. Mama alikuwa mkandaji. Aliyetegua kifundo, aliyevunjika mkono, mzazi aliyetoka kujifungua, wote walipita mikononi mwake, na Mambrui nzima hakuna aliyethubutu kumkosoa. Kumwambia kwamba kijana wa Mombasa amekataza mikono yake nilikuona ni kumtukana. Kwa hiyo nilipofika nyumbani nikaeleza habari ya uvimbe, habari ya wiki mbili, habari ya mfupa wa nyonga. Lile moja sikulisema.

Mama akaanza siku ile ile. Kila baada ya alasiri alipasha mafuta ya uto, akamlaza Zuhura kitandani, akaanza kukanda, na mimi nikimshika mgonjwa mabega. Zuhura alikuwa akisema anapata nafuu, nami nikaishika ile nafuu yake ili nijitulize. Mara moja nilifungua kinywa niseme. Mama akaniambia nimletee kitambaa, nikaenda kuleta kitambaa.

Wiki mbili zilipokaribia kwisha, kaka akatuma ujumbe. Alikuwa mpishi katika hoteli moja Bofa, Kilifi, na ndiye aliyesimama badala ya baba. Alisema tungoje siku kumi zaidi apate likizo, kwa kuwa hataki dada yake apasuliwe naye hayupo. Tukangoja. Ni kweli alichelewesha, siwezi kumfutia hilo. Lakini mama naye aliendelea kukanda, na mimi niliendelea kushika mabega.

Siku ya nane ya kungoja, kidole gumba cha mama kilizama ndani nikasikia mfupa ukiachia. Zuhura alinishika mkono akaniuliza, "Dada, ni nini hiyo?" Kisha akazimia. Mama aliondoa mikono yake akakaa akiitazama.

Mombasa tulimkuta daktari yule yule. Aliniita pembeni akaniuliza, "Alikandwa?" Nikamjibu, "Hapana. Aliteleza chooni." Akasema uvimbe umeshatoka nje ya mfupa umeingia nyamani, hakuna tena cha kukwangua. Mmechelewa, alisema, na mguu ukakatwa juu ya goti.

Nilirudi nyumbani na neno hilo hilo, kwamba tumechelewa, na kila mtu akazihesabu zile siku kumi za kaka. Posa ikavunjika. Zuhura mwenyewe alijua mfupa uliachia mama akiushika, lakini mpaka leo anaamini ulikuwa umeshaoza kwa kungojea. Tangu hapo hajala nyumbani kwa kaka, hakwenda harusi za watoto wake, na wakikutana msibani humpa kisogo. Kaka hakujitetea hata siku moja. Mama aliishi miaka mingine ishirini akikanda watu, ila goti hakuligusa tena. Sijui alihisi nini, sikumuuliza.

Sasa kaka ni mgonjwa sana wa figo, hajiwezi. Wiki iliyopita alinituma nimwombee radhi kwa Zuhura, ambaye naishi naye nyumba moja tangu nifiwe na mume wangu. Zuhura aliniambia bila ya kuinua uso kwenye cherehani, "Mwambie mguu wangu ameula yeye. Simsamehe, duniani wala akhera." Nikafunga safari mpaka kwa kaka. Akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia nilimkuta amelala.

Nimechoka kusema uongo, na naogopa kusema kweli. Nikimwambia Zuhura, najua atafunga mizigo yake, na jina la mama, ambalo watu bado wanalitaja kwa dua, nitakuwa nimelichafua naye yuko kaburini. Nikinyamaza, kaka atazikwa na kosa ambalo nusu yake ni yangu, na pengine si nusu.

Nitukaneni mkitaka, lakini mnishauri. Kaka anataka jibu kesho asubuhi. Nimpelekee lipi?