Mchoro wa Kiajemi Niliouvalisha Plastiki

Safari hii niliisababisha mwenyewe. Unyevu ulikuwa unautafuna mchoro wa Kiajemi wa makumbusho yetu hapa Unguja: mwindaji na kipanga wake, wino mwembamba, joho limetiwa wekundu kidogo. Nikaupeleka dukani ukatiwa lamineshen, kama tufanyavyo vyeti vya kuzaliwa. Humo ndani ukaanza kuota madoa. Mkurugenzi nilimwambia niliukuta hivyo kabatini. Akaniamini, maskini, akaniandikia barua niupeleke kwa fundi wa kukarabati karatasi, Guangzhou, China.

Uwanja wa ndege wa Baiyun, asubuhi. Afisa wa forodha alipofungua begi, nikamkabidhi barua ya mkurugenzi. Aliisoma, akanirudishia kila kitu.

Mchana nilikuwa mtaa wa Dengfeng, kwa Bi Rukia, mfanyabiashara wa Dar anayekijua Kichina. Alinipakulia wali, nikauchezea tu.

"Kula, mdogo wangu. Mchoro hauli, wewe unakula."

Kesho yake, saa nne, tulivuka barabara ya Huanshi hadi karakana ya fundi, mzee ambaye Bi Rukia alimwita shifu, kwa heshima ya ufundi wake. Aliuinua mchoro kwenye mwanga, akauliza jambo.

"Nani kafanya hivi?" Bi Rukia alitafsiri.

"Sijui. Watu wa zamani."

Mzee akaurudisha mezani.

"Anasema hagusi mpaka ajue mashine ilikuwa na moto kiasi gani, na ilipita mara ngapi." Bi Rukia akanikazia macho. "Mficha uchi hazai, mdogo wangu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. "Ni mimi, dada. Mara mbili. Ya kwanza haikushika, nikamwambia wa duka aongeze moto."

Fundi hakunikaripia. Alichokoa pembe moja kwa kisu chembamba. Plastiki ilipoinuka, pindo la joho likaondoka nayo, wekundu wote. Akaweka kisu chini.

"Mei banfa."

Hakuna namna. Nililia mbele yao. Abaki humo humo, maskini mwindaji. Kumtoa ni kumchuna ngozi.

Ndani ya ndege nikatunga uongo mpya: fundi ndiye aliyeharibu. Yuko mbali, nani atamuuliza?

Jumatatu, ofisini, mkurugenzi akaniuliza, "Vipi, Asha, fundi kafaulu?"

Nikamwambia yote, tangu dukani. Akanisogezea kalamu na kadi ya maelezo.

Kadi hiyo imo katika kabati la vioo, chini ya mchoro, kila mgeni anaisoma, na jina langu lipo: "Umeharibiwa na mtunzaji wake, aliyeupenda bila kuuliza."