Kabla Hujajibu Suala la Talaka

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu. Tangu jana imenirudia, nilipokusikia unawajibu watu masuala ya dini kwenye simu yako. Mwanamke anauliza talaka, hajamaliza hata kulia, na wewe ushamjibu! Mimi pembeni natetemeka, ukanambia, "Babu, nikuletee shuka?" Si baridi ile. Ni hofu.

Nilikuwa kijana wa umri wako, nasoma fiqhi, sheria za dini, kwa Maalim wangu, Mji Mkongwe, kwenye baraza ya nyumba yake. Nshahitimu vitabu viwili vitatu, kilemba nakifunga kwa mapozi, na majirani wameanza kunitolea salamu kwa adabu. Basi nikajiona mimi ndiye. Wazee wanasema debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe lilikuwa mimi.

Mchana huo Maalim aliingia ndani kutia udhu, akaniacha barazani peke yangu. Akaja mwanamke kutoka Kikwajuni, jina lake Raya, kikapu cha nguo mkononi, macho yamevimba. Nilimjua, maana mamake alikuwa jirani wa Maalim, mlango wa pili kutoka hapo.

"Maalim yupo?"

"Yumo ndani. Sema tu dada, na mimi nasomesha."

Nasomesha! Hebu nisikilize!

"Mume wangu kaniacha talaka tatu," akasema. "Asubuhi hii, kwa mdomo wake. Nambie, mimi bado mke wa mtu au si mke?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelihifadhi, hata ukurasa naujua. Nikakohoa kama wanavyokohoa masheikh, nikafungua mdomo nimwambie, "Talaka imepita, dada. Nenda kwenu."

"We! Nyamaza!"

Maalim alikuwa kasimama mlangoni, mikono inachuruzika maji ya udhu. Hakuwahi kunipigia kelele kabla ya hapo. Akakaa, akamgeukia Raya kwa upole. "Mwanangu, nambie maneno yake yote. Anza la mwanzo, usiruke hata moja."

Raya akafuta machozi. "Tuligombana. Akasema, 'Leo ukitia mguu kwa mama yako, nimekuacha talaka tatu.'"

"Na umetia?"

"Bado. Ndo nnakwenda. Nikaona nipite hapa kwanza."

Kumbe talaka haijapita bado! Na kabla sijameza mate, mlango wa pili ukafunguka, mamake akatoa kichwa. "Raya! Nani kakuliza, mwanangu? Njoo ndani, njoo!"

Naye, kwa mazoea ya mtoto aliyeitwa na mama, akaitika "Naam," akanyanyuka na kikapu chake, akenda. Hajaelewa bado. Watoto wake wadogo wako Kikwajuni, na ndoa yake yote iko kwenye kizingiti kile cha mama yake.

Maalim, mzee wa magoti mabovu, aliruka barazani akamkinga njia. "Usiingie! Usiingie, mwanangu, ndoa yako ingalipo! Mama ndiye aje hapa."

Mama akaja, wakakumbatiana pale pale njiani, wakalia wote wawili. Kisha Maalim na mkewe wakamrudisha Raya Kikwajuni, na huko Maalim akamkalisha mume chini akamsemesha mpaka kijana wa watu akaona haya. Mimi nilibaki barazani naomba Mungu jua lizame, siku ile iishe, Raya asije akasahau akarudi kwa mamake. Adhana ya Magharibi sijapata kuingojea namna ile.

Aliporudi Maalim hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ungelimwambia aende kwao, angelikwenda wapi?"

"Kwa mamake, Maalim."

"Basi nani angelimwacha, mumewe au wewe?"

Akasema, "Mimi kila anayekuja kuuliza huniogopesha. Siku utakapoacha kuogopa, usikae tena kwenye baraza yangu."

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole litapona, lakini neno la mwanachuoni likishatoka, mtu huliamini akalifuata, na likimpeleka pabaya, wewe utaulizwa mbele ya Mola wako. Mwenye kulia hasemi yote. Muulize, mrudie, umsikie na mwenzake. Na usipojua, sema "sijui", wala usione haya, maana waliotutangulia katika elimu walilisema neno hilo na heshima yao haikupungua. Simu hiyo haiwezi kuruka barazani ikamzuia mtu njia.

Mungu akuhifadhi na ulimi wako, akupe elimu yenye manufaa na moyo wenye kumcha, akujaalie usivunje nyumba ya mtu. Amin.

Na yule wa jana uliyemwambia aende kwao, ulimuuliza mumewe alisema maneno gani hasa? Hukumuuliza. Mpigie sasa hivi, mwanangu. Mpigie, huenda bado hajafika kwao.