Eda Haiombewi Ruhusa

Katika nyumba ya kufulia nguo za hospitali, mjini Unguja, mimi nilikuwa upande wa pasi. Kazi ya kusimama: shuka zinakuja, unazinyoosha, unazikunja, zinakuja nyengine. Nilikuwa na miaka mitano kazini hapo ilipofika habari kutoka Kizimkazi kwamba mama ameteleza kisimani, amevunjika nyonga. Mtoto wake ni mimi tu. Nani mwengine wa kumgeuza kitandani?

Nikaenda kwa karani. Utaratibu tuliujua: aliyetimiza mwaka bila kukatika huruhusiwa kumuuguza mzazi, na nafasi yake ikawekwa.

"Wewe mwaka hujatimiza," akasema.

"Miaka mitano, bwana karani!"

"Ulikatika, Bi. Miezi minne na siku kumi ulikaa nyumbani, ruhusa hukuomba. Uliporudi tulikuandika upya."

Nilikuwa edani. Mume wangu alipofariki nilituma mtu aseme tumefiwa, nikaingia ndani. Kuomba ruhusa hakukunipitikia. Faradhi nimwombe nani? Na karani huyu huyu alikuja mazikoni, akalibeba jeneza.

"Si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo kama jirani. Hapa mimi karani, na wakubwa wangu hawajui eda ni kitu gani. Ungesema unaumwa, ungehesabiwa."

"Nseme naumwa, na aliyekufa mume?"

Akafunga daftari lake. Kwenda hakunikataza, nafasi ndiyo hakuweza kuniwekea.

Nilipowahadithia wenzangu kwenye pasi, mmoja akasema, "Basi shoga, ukiolewa tena, mwambie bwana asife mpaka ruhusa itoke." Tukacheka, mikono ikiendelea kukunja.

Asubuhi yake nikapanda gari la shamba kwenda Kizimkazi. Mama, maumivu yote yale, neno lake la kwanza lilikuwa, "Na kazi, mwanangu?"

"Wamenipa ruhusa, mama."

"Watu wema hao. Mungu awalipe."

Nikaitikia amina, nikaanza kumvua kanga iliyoloa.

Masika yalikwisha ndipo akaweza kutembea kwa mkongojo. Nikarudi mjini. Kwenye pasi yangu alikuwa amesimama msichana mwembamba. Akaniamkia "Shikamoo" kwa adabu zote; nikamjibu "Marahaba", yeye kosa hana. Karani akanipeleka kwenye mabirika ya kufulia, kwenye maji ya sabuni kutwa nzima, na hapo nikaanza mwaka wangu wa kwanza kwa mara ya tatu.