Bangili Niliyoipima kwa Maji

Hadi leo, nikisikia maji yakijaa sufuria na kuanza kumwagika, hukimbia kufunga bomba. Wanangu hunicheka. Nanyi huenda mkanicheka, lakini nisikilizeni kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukiishi mtaa wa Rissne, huko Uswidi, ghorofa ya nne. Wiki ile mwalimu wa sayansi alitusimulia habari za Archimedes, Mgiriki wa kale aliyetakiwa na mfalme kugundua kama sonara alichanganya fedha kwenye taji la dhahabu, bila kuliharibu taji lenyewe. Alipoingia kuoga maji yakafurika, naye papo hapo akapata jibu, kwamba taji lenye fedha litamwaga maji mengi kuliko dhahabu tupu ya uzito uleule, akatoka mbio mitaani bila nguo. Darasa zima lilicheka. Mimi nilitaka kujua yule sonara alifanywa nini.

Nyumbani tulikuwa na harusi. Dada yangu Aline alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama alimwahidi bangili ya dhahabu ya bibi, iliyotoka Bujumbura. Ilikuwa mezani, ndani ya kitambaa chenye harufu ya karafuu. Mama alikuwa kazini mtaa wa Kista, akisafisha ofisi. Nilitaka tu kuujaribu werevu wa yule Mgiriki. Mizani ya jikoni ilisema gramu thelathini na nane. Kwa hesabu tuliyofundishwa, dhahabu ya uzito huo ilipaswa kumwaga mililita mbili tu za maji. Nikaweka sufuria ndani ya sinia, nikaijaza hadi ukingoni, nikatumbukiza bangili. Maji yaliyomwagika nikayavuta kwa bomba la dawa ya kikohozi, lile lenye mistari ya kupimia. Yalizidi nne.

Nikarudia mara tatu, nikiomba niwe nimekosea.

Siku mbili nilizunguka na siri hiyo. Mama mkwe wa Aline, Mganda mmoja mpole, alikuwa na kawaida ya kugeuzageuza kila kitu alichoonyeshwa. Nilimwona akilini akiigeuza bangili mbele ya wageni wote. Alhamisi nikashindwa kuvumilia. Kwa kawaida mama akiniongelesha nilimjibu kwa Kiswidi. Siku hiyo Kiswahili kilinitoka chenyewe.

“Mama, bangili si dhahabu.”

Hakuuliza nimejuaje. Alizima jiko, akakaa.

“Najua. Ile ya kweli Aline alishaipata, akiwa na miezi mitatu. Tulipokimbia vita, dereva wa lori alisema hapakii mwenye mtoto mchanga, mpaka alipoiona mkononi mwangu, nikaivua nikampa. Hii niliinunua kambini, mkono usibaki mtupu.”

“Na mama mkwe wake akijua?”

“Akijua, nitajibu mimi, si wewe. Aline nitamwambia mwenyewe. Wewe nyamaza.”

Nikanyamaza. Jumamosi, ukumbini, yule mama aliushika mkono wa Aline, akaigeuza bangili kwenye mwanga. Aliitazama, akamtazama mama yangu kwa muda, kisha akaushusha mkono taratibu.

“Inampendeza,” akasema.

Aline aliambiwa alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Alilia, na hajaivua tena.

Mimi ninachokikumbuka zaidi ni mkono wa mama, ulioukamata wangu chini ya meza bangili ilipokuwa ikigeuzwa, umelowa jasho. Kwa miaka mingi niliamini alikuwa akinituliza. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba kabla ya Alhamisi ile hakuwa na mtu yeyote wa kumshika mkono.